Likizo ya Yaqoob na amana ya Bi Rahila

Saa kumi na moja alfajiri, mjini Ibra, Yaqoob Sleyum ameshasali na haelekei kwenye lori lake. Anavua viatu mlangoni mwa chumba cha watoto, anausukuma mlango taratibu na kuingia kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Anaweka kiganja mbele ya kiyoyozi, anakagua ukutani kama kuna sisimizi, kisha anakinyanyua kifurushi cha kitambaa cheupe, anakigeuza, na kukirudisha palepale kwenye rafu.

Watoto hawamo humo. Ni miezi minne sasa wanalala sebuleni, maana chumba chao ndicho chenye kiyoyozi kizuri kuliko vyote, na kimepewa mizigo.

Leo ni siku ya kumi ya likizo yake. Barabara za kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine zimefungwa kwa sababu ya maradhi, na ikifika saa moja jioni hapana ruhusa ya kutoka nje.

"Mtu akichukua likizo hupumzika," anasema mkewe, Fawziya, akimimina kahawa uani, huku yeye na mwandishi wa habari hizi wamekaa mbali mbali kama ilivyoamriwa. "Huyu wangu amepata kazi ya ulinzi."

Yaqoob ana miaka arubaini na sita. Anaendesha lori la buluu lenye tangi la galoni elfu moja, akizipelekea maji ya kunywa nyumba ambazo bomba halijazifikia. Joto la Ibra likipanda hadi digrii arubaini na nane, hupiga safari kumi na mbili kwa siku. Mshahara wake ni riyali mia tatu na sitini, na likizo ni moja kwa mwaka. Kwa miaka kumi na sita ameitumia hiyo moja kwenda Unguja, alikozaliwa mama yake.

Lakini anayekwenda Unguja kutoka mji huu hendi peke yake. Habari ikishasikika kwamba fulani ana tiketi, hodi hazishi. Huyu ana halwa ya ndugu yake, yule ana kanzu ya mkwe, mwengine miwani ya rafiki aliyesoma naye. Hakuna malipo wala risiti. Hiyo ni amana, na Yaqoob anajulikana hajapata kupoteza hata kifungo.

"Ukishapokea, umepokea," anasema. "Huwezi kesho ukamwambia mtu, samahani, nimeghairi."

Mwezi wa tatu alikuwa ameshapokea amana kumi na moja, kilo arubaini na sita kwa jumla. Siku nne kabla ya safari, ndege zikasimama. Akaomba likizo iahirishwe, na hapo ndipo kazi ilipomzidi. Kila nyumba ilikuwa inanawa mikono kutwa, na safari kumi na mbili zikawa kumi na saba.

"Mwezi wa saba tajiri wangu akanambia, chukua siku zako kumi na nne sasa hivi, ama zipotee," anakumbuka. "Nikamuuliza, niende wapi na njia zimefungwa? Akanijibu, nenda kwako."

Basi akenda kwake, akaikuta mizigo inamngoja.

Fawziya anacheka akilizungumza hilo, ingawa kicheko chake kina uchovu. "Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wangu wa miezi minne niwape nini? Trekta?"

Yaqoob aliamua kuitumia likizo kuitafutia kila amana njia yake, moja baada ya moja, kwa idhini ya mwenyewe. Kila alasiri binti yake Shurooq, mwenye miaka kumi na tisa, ambaye chuo chake cha Nizwa kimewarudisha wanafunzi majumbani, alikuwa akipiga simu ya video. Upande mmoja mtumaji wa Ibra au Sur, upande wa pili mpokeaji wa Unguja, na katikati Yaqoob na mzigo mapajani.

Miwani ikakubaliwa ipelekwe kwa meli ya mizigo. Kanzu ikarudi kwa mwenyewe. Halwa ndiyo iliyokuwa na kisa. Aliyepelekewa alisema wasiiache iharibike, waile wao, ila waile mbele yake. Siku ya Idi Kubwa, watu watano wakakaa mbele ya simu wakila halwa ya mtu, na mwenyewe yuko Unguja anauliza kama zafarani imekolea.

"Nilicheka mpaka machozi," anasema Fawziya. "Halafu nikaona haya. Wallah, nilimeza kwa shida."

Hivyo ndivyo zilivyomalizika amana kumi. Iliyobaki ni moja, hiki kifurushi cha kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa mkono, uzi wa kijani, ukubwa wa mkate wa boflo. Mwenyewe alikuwa Bi Rahila, jirani wa mtaa wa pili, miaka sabini na saba. Yaqoob anaikumbuka siku aliyokileta, kwa sababu alikataa hata kahawa.

"Akanambia, Yaqoob, mpe dada yangu mkononi. Usimpe mtoto wake, usimpe jirani. Mkononi mwake."

Dada huyo ni Bi Asya, miaka themanini na moja, anayekaa Unguja mjini. Waliachana mwaka 1964, Rahila akaondoka na mumewe, Asya akabaki na wake. Tangu hapo walionana mara moja tu, mwaka 1994, kwa wiki tatu.

Mwezi wa sita Bi Rahila akashikwa na maradhi haya. Alilazwa siku tisa. Alizikwa na wanaume wachache wa nyumba yake, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake, na majirani hawakuruhusiwa kufika. Yaqoob alikuwa njiani na tangi limejaa.

"Nilisimamisha lori pembeni nikamsomea Fatiha," anasema. "Mwanamke aliyenilea kama mwanawe. Sikuweza jengine."

Alikirudisha kifurushi kwa warithi, kama inavyopasa. Mtoto wa marehemu hakukipokea. Alimwambia neno la mama ni lile lile, mkononi.

Tangu siku hiyo Yaqoob hana raha. Bi Asya moyo wake ni mgonjwa, na hakuna ajuaye kiwanja cha ndege kitafunguliwa lini. Mmoja ameshaondoka, na akiondoka wa pili amana itakosa mkono wa kuipokea. Fawziya akamshauri akifungue mbele ya simu, bibi wa watu angalau aone alichotumiwa.

"Hata mimi nilisema baba afungue tu, halas, yaishe," anasema Shurooq, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza masikioni. "Hii mzigo imekaa sana. Nilileta makasi."

Jana alasiri wakapiga. Yaqoob akaamkia, "Shikamoo, Bi Asya." Akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," na kuulizwa habari za joto. Kisha akajikaza.

"Bi Asya, njia bado imefungwa. Nikifungue ukione? Ruhusa ni yako."

Bi Asya akauinua mkono mbele ya simu, kumzuia.

"Usikifungue," akasema. "Nikishajua kilichomo, Rahila atakuwa keshamaliza kusema na mimi. Mwache, mwanangu. Bado ana neno."

Shurooq aliyaweka makasi chini na kulia. Maneno hayo, anasema, hakuhitaji kufasiriwa.

Bi Asya akaomba kifurushi kisogezwe karibu na kioo. Akauliza kama kizito, akaambiwa kiasi. Akauliza kama kinanukia. Yaqoob angeweza kumpendezesha, lakini alimwambia kweli. Mwezi wa tatu kilijaza chumba kizima marashi ya waridi ya milimani Jabal Akhdar, na sasa mpaka ukiweke puani.

"Basi usichelewe," akasema Bi Asya.

Jumapili Yaqoob anarudi kwenye lori. Tayari ameshamwandikia tajiri wake barua ya kuomba siku saba bila mshahara, wiki yoyote ndege zitakapoanza, na ameahidiwa kufikiriwa. Leo watoto wanarudishiwa chumba chao. Magodoro yameshaingia, masanduku matupu yametoka. Kwenye rafu chini ya kiyoyozi kimebaki kifurushi, na juu yake pasipoti.

Watu mtaani wanamtania, wakimuuliza likizo ya mwaka huu amekwenda wapi.

"Nnawambia sijafika," anasema Yaqoob, akifunga mlango wa chumba ili ubaridi usitoke. "Lakini nakwenda."