Kibao na Shavu Wapanda Masama

Ambrosi alikufa Jumanne mchana kwenye chumba chake cha kupanga mtaa wa Pasua, akiwa amekalia ndoo, na Aminieli aliyekuwa mlangoni akimenya ndizi alisubiri kwanza aone kama ni utani. Msimlaumu. Kwa miaka mingi wazee hawa walilipwa ili wafe, wateleze, wapigane na kutumbukia mapipani kila Alhamisi jioni, katika kituo kidogo cha redio pale mjini ambacho siku hizi ni duka la nywele bandia. Ambrosi ndiye aliyekuwa Kibao. Aminieli alikuwa Shavu. Majina yanajieleza.

Shida ya redio ni kwamba hakuna anayekuona ukianguka, kwa hiyo inabidi uanguke kwa sauti. Mwanzoni Ambrosi alijipiga paja kwa kandambili iliyoloweshwa, lakini fundi mitambo akalalamika kwamba halisikiki kama kofi la mtu na mtu. Basi wakakubaliana kofi litue shavuni kweli. Tangu hapo kipindi kikapendwa hadi Holili mpakani, na Aminieli akawa hasikii kwa sikio la kushoto. Ambrosi alimwomba radhi kila baada ya kurekodi, akamnunulia supu, na Alhamisi iliyofuata akampiga tena.

Kipindi kilikuwa na mwisho wake usiobadilika. Shavu, baada ya kuvuruga kila kitu, alimletea Kibao isale. Nalo isale, kwa asiyeijua Kilimanjaro, ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa. Mchagga akikukosea akaja nalo mkononi, unapokea na kusamehe, hata kama hutaki. Kibao alilipokea kwa heshima zote, akanyamaza kidogo, kisha akamzaba nalo Shavu usoni. Watu walikuwa wanazima redio wakilia kwa kucheka. Wazee wa ukoo walimwita Aminieli wakamwonya kwamba anachezea kitu kizito. Mchungaji naye akamwita akamwonya vivyo hivyo, ikawa mara ya kwanza mila na Kilutheri kukubaliana juu ya jambo lolote. Aminieli aliwaahidi wote kuacha, akaenda kurekodi kipindi cha Alhamisi.

Sasa Kibao alikuwa kwenye jokofu la hospitali. Alikuwa mtu wa Singida, aliyekuja ujanani kukata miwa kwenye mashamba ya sukari huko chini, na ndugu zake hakuna aliyejua walipo, pengine hata yeye mwenyewe. Hospitali ikasema asipochukuliwa hadi Jumatatu, manispaa watamzika wanakozika wasio na wenyewe. Aminieli aliwahi kuona maziko ya namna hiyo. Vijana wawili, toroli, na mmoja wao anaongea na simu.

Akaamua kumzika Masama, nyumbani kwao, chini ya migomba. Tatizo ni kwamba nyumbani hapakuwa kwake. Kihamba cha baba alirithi Efraimu, kitinda mimba. Kaka yao mkubwa alipata kipande chake mapema. Aminieli, mtoto wa katikati, alipata nafasi ya kaburi moja, karibu na baba yake, basi.

Jumapili baada ya ibada akapanda. Njiani akakata isale kwenye mpaka wa jirani, akalifunga fundo kama alivyoona babu yake akifanya. Alimkuta Efraimu kwenye baraza lake jipya la vigae, na mkewe Anyesi, na ndugu kama kumi hivi waliokuja kunywa mbege, pombe ya ndizi. Aliwaeleza kila kitu kwa utulivu. Efraimu akasema pole, kisha akasema haiwezekani. Ukimzika mgeni kihambani, kesho wanatokea wajukuu kutoka Singida kuja kupalilia kaburi, keshokutwa wanapalilia na kahawa.

"Sikuombi ardhi yako, Efra. Mpe nafasi yangu mimi," Aminieli alisema.

"Na wewe tukuweke wapi, kaka? Juu ya dari?"

Watu wakacheka. Ndipo Aminieli akatoa isale, akalishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mbele ya mdogo wake. Alisema kama aliwahi kuwakosea, kwa redio au kwa lolote, wamsamehe, na wamzike mwenzake.

Kimya kilidumu kama wanachohesabu waigizaji kabla ya kofi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila mtu pale alikijua kimya hicho. Mama mmoja akaanza kubana kicheko. Binamu mmoja akamwambia mwenzake asubiri, inakuja. Efraimu alikuwa amekwisha kunywa vibuyu viwili, na tangu utotoni hakuwahi kuchekesha watu kwa kukusudia. Akalipokea isale kwa heshima zote. Akamzaba nalo kaka yake usoni.

Baraza zima likalipuka. Aminieli alirudi nyuma hatua moja, kisigino kikateleza kwenye kigae, akaanguka chali hadi chini uani, na paja likalia kama tawi la mparachichi linalovunjika.

"Mangi Shavu bado anaweza," binamu alisema akijifuta machozi.

Waliendelea kucheka. Aminieli alisema ameumia, na kwa kuwa alisema kwa sauti ya Shavu, ambayo ndiyo sauti pekee aliyopewa na Mungu, wakacheka zaidi. Anyesi ndiye aliyetazama mguu akaona umeelekea kusiko. Akamnyang'anya mumewe isale.

"Umempiga kaka yako kwa isale, Efraimu. Sasa nenda kachimbe."

Hakuna aliyebisha tena habari za wajukuu wa Singida. Efraimu alichimba mwenyewe, kwa woga wa laana ya isale, katika nafasi ya kaka yake. Kabla hawajaanza alikwenda wodini alikolazwa kaka yake kumwambia kwamba nafasi ukiitoa imetoka, hakuna nyingine. Aminieli akasema anajua.

Siku ya maziko Aminieli alikuwa amefungwa mguu kwa kamba na mawe ya kuunyoosha. Nesi Winfrida akamwekea simu kwenye sikio la kulia. Upande wa pili Efraimu alishika yake juu, naye Aminieli akasikia wimbo, mchungaji, mvua ndogo kwenye migomba. Jeneza lilipoteremshwa akasema hasikii vizuri.

"Sogea, Efra. Sogea kidogo."

Efraimu akasogea. Ukingo wa udongo mbichi ukameguka chini ya mguu wake, wakamdaka kwa koti, naye akaning'inia juu ya kaburi akipiga mateke. Simu ikaponyoka. Aminieli alisikia kishindo, kisha kicheko cha msiba mzima, pamoja na mchungaji. Kisha akamsikia mzee mmoja akisema kwa mbali kwamba kilichoingia kaburini hakitolewi, endeleeni.

Jembe la kwanza la udongo lilikuja kwa sauti kubwa hata Winfrida akaruka. La pili likaja. Udongo ulianguka ukiwa karibu kabisa, mawe na maji yake, kisha ukazidi kuwa mzito na wa mbali, na waombolezaji wakapotea, na wimbo ukapotea.

Winfrida alimuuliza kama simu imekata. Aminieli akatikisa kichwa. Akamwomba amgeuze kidogo, asije akalalia ule upande wa sikio zima.