Shamba la Mama, Kutoka Ng'ambo ya Bonde

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na nikiulizwa swali nisilolijua huwa nakasirika kwanza, halafu ndiyo natafuta jibu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, hapa Kihonda, aliuliza kwa nini Waingereza wanatumia neno moja, country, kwa Tanzania nzima na pia kwa kule shamba kwa bibi yake. "Kaa chini," nikamwambia. Jioni nikafungua kamusi kubwa, ile inayoeleza maneno yalikotoka. Ikasema neno hilo lilitoka kwenye Kilatini, likapitia Kifaransa, na mwanzoni lilimaanisha ardhi iliyo mkabala na anayetazama. Yaani ile iliyo mbele ya macho yako, upande wa pili. Mambo ya taifa yalikuja baadaye. Nikasonya. Nchi ya mtu si pale anaposimama? Nikaifunga kamusi, nikaenda kupika.

Wiki hiyo hiyo nikapigiwa simu kutoka Kinole, kijijini kwetu milimani. Wapimaji wa ardhi wanakuja Alhamisi, kila mtu akaonyeshe mipaka yake apate hati. Shamba lisilo na wa kulionyesha litaandikwa la kijiji. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na upande huo nilikuwa nimebaki mimi tu. Mama alishafariki, mjomba naye akamfuata. Na mama amezikwa humo humo shambani, chini ya mdalasini. Nilijiambia, nikishindwa kuonyesha mipaka nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa watu.

Jumatano asubuhi nilikuwa shambani, raba miguuni, simu mkononi, najiona wa maana. Simu ina ramani inayochora mstari kila unapopita. Lakini mlima ule ni mkali na migomba imefungamana, hata hatua kumi mbele huoni. Nikawa napita kwa kubahatisha, simu inachora tu, haibishi. Mara nikasikia ukelele.

"Weee, mama wa simu! Hapo umeshaingia kwa watu!"

Nikageuka huku na huku. Sauti ilitoka ng'ambo ya bonde, uani kwa bibi mmoja aliyejifunga kanga nyekundu. Namkumbuka tangu utoto, ila kwake sikuwahi kufika.

"Rudi kwenye mfenesi!"

"Mfenesi upi?" nikafoka.

"Huo ulioupita! Mtu mzima hujui shamba la mama yako? Hebu njoo huku!"

Nikashuka hadi mtoni, nikavuka, nikaanza kupanda huku nabwata peke yangu. Nilifika natweta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole. Sasa geuka utazame ulikotoka."

Nikageuka. Jamani! Shamba lote la mama lilikuwa mbele yangu kama kanga iliyoanikwa. Mfenesi kwenye kona ya juu, jiwe jeupe kushoto, mstari wa minanasi ukishuka mpaka mtoni, na mdalasini katikati. Hakuna kilichojificha. Asubuhi nzima nilikuwa humo ndani na sikuona kitu. Ile kamusi ikanirudia kichwani neno kwa neno, nikaona aibu kwa kule kusonya. Halafu nikaanza kulia, wala sikujizuia.

"Huku mlimani shamba lako analijua wa ng'ambo," bibi akasema. "Ukiwa ndani unaona jembe lako tu. Mama yako anapanda mche wa ule mfenesi nimekaa hapa hapa. Alikuwa na mimba yako. Akichoka anakaa kwenye lile jiwe, ananipungia mkono."

Nikakumbuka kwamba kila siku, nikifungua mlango wangu kule Kihonda, milima hii inanikabili. Miaka yote hiyo nilikuwa natazama kwetu, na sikujua.

Alhamisi mpimaji akauliza shahidi ni nani. Wazee wa kijiji wakaonyesha ng'ambo bila hata kujadiliana. Bibi akawa anaelekeza kwa sauti: "Shuka! Shuka tena! Hapo!" Mpimaji alicheka mwanzoni, baadaye akawa anatii kama sisi wengine. Kufikia adhuhuri shamba lilikuwa limepimwa, na mama yumo ndani ya mipaka.

Nikavuka mto kwenda kumshukuru bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama chini.

"La kwangu wanapima kesho," akasema. "Na shahidi wangu alikuwa mama yako. Wewe mipaka yangu unaijua?"

Nilinywea. Nimezaliwa mkabala na shamba lile, nimekua mkabala nalo, na sikuwahi kulitazama hata siku moja.

"Siijui, bibi."

"Basi nenda ukakae pale alipokuwa anakaa."

Nikarudi kwetu, nikakaa kwenye jiwe jeupe. Ng'ambo kule bibi alichukua fimbo yake, akaanza kuuzunguka mpaka wake, polepole, mwili umepinda, kanga nyekundu ikipotea kwenye migomba na kutokea tena. Simu niliiacha mfukoni. Kila akifika kwenye kona alisimama, akainua fimbo juu.

"Umeona?"

"Nimeona, bibi!"

Kwenye kona ya mwisho alikaa kitako, amechoka kabisa. Hakuuliza tena. Alinipungia mkono, nami nikampungia.