Siku Niliyofufuka Vickery Meadow

Hili jambo nilikuwa nimeapa sitalisema, ila naona Wabongo wa Dallas mnalijua nusunusu na mnalitia chumvi, basi bora mlisikie kwangu mwenye aibu yangu.

Rafiki yangu Baraka, ambaye siku za kazi anashinda ofisini Plano, alipata wazo la kutengeneza filamu ya vichekesho: wahudumu wawili wa ambulensi wasiojua lolote, wanambeba mgonjwa, wanamwangusha, wanamsahau. Mgonjwa aliyezirai nikapewa mimi (hakuna maneno ya kukariri, alisema, hata wewe utaweza). Jumamosi asubuhi tukakutana kwenye majani nyuma ya apatimenti za Vickery Meadow, na vumbi la maua ya msimu ule linaniwasha pua kama nimenusa pilipili. Nikaona mtu aliyezirai hawezi kupiga chafya, nikameza kidonge cha aleji. Nikaongeza cha pili, bila kusoma kwamba vinaleta usingizi.

Jamani, nikalala kwenye machela, jua la vuguvugu usoni, na dunia ikaanza kuyeyuka. Namsikia Baraka anasema "Rekodi!" kwa mbali kama yuko chini ya maji, machela inaelea, nami naelea juu yake, napita juu ya miti, juu ya barabara kuu ambako magari hayana sauti, kila kitu cheupe na laini kama pamba. (Kumbe ndipo waigizaji wenzangu waliponiangusha. Video ipo: nimeangukia bega, sikushtuka, na Baraka anapiga kelele, "Kumbe ana kipaji huyu!")

Kisha wakaenda mbele ya jengo kurekodi gari linavyoondoka bila mgonjwa, wakaniacha pale na rangi nyekundu ya damu bandia kichwani, wakakawia huko wakibishana.

Sasa kuna Mama Furaha, Mkongomani wa ghorofa ya chini, hana habari na filamu yoyote, katoka kutupa taka, kanikuta. Akaita, akanitikisa, kimya. Akapiga simu ya dharura, akakusanya majirani.

Mimi huko mawinguni nikaanza kusikia akina mama wanaimba, sauti zinapanda na kushuka, na mikono ya joto imenishika miguu, nikajua basi, nimefika mbinguni. Nikafumbua macho. Mwanamume mwenye sare kaniinamia, mwenzake anakata shati langu kwa mkasi (shati la kuazima!). Nikadhani ni waigizaji wa Baraka. Nikasema, kwa Kiingereza changu chote, mbele ya umati, "Mbona mnaigiza vibaya? Hamfanani na wahudumu hata kidogo. Rudieni!"

Yule bwana akamtazama mwenzake. "Amechanganyikiwa. Tumbebe."

Hapo Baraka akatokea mbio na kamera, nyuma yake wahudumu wake bandia, na wale wa kweli wakaelewa. Hawakucheka. Wakanipima, wakaniuliza nimemeza nini, wakasema kwa upole kwamba huenda kuna mtu mwingine anawahitaji, wakaondoka. Bora wangenitukana.

Lakini aliyenimaliza ni Mama Furaha. Alikuwa bado ameshika miguu yangu, analia.

"Mume wangu, kule kambi ya wakimbizi, nilimushika hivi hivi," akasema. "Gari haikuja."

Kesho yake nikapiga hodi kwake kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea fufu na sombe, kisamvu cha kwao.

"Siku ingine ukitaka kufa," akasema, "unijulishe mbele."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Kuigiza nimeacha kabisa. Mkinikuta nimelala hadharani, ndugu zangu, jueni naumwa kweli.