Asali ya Nguzo ya Stima

Mume wangu Kisilu alizaliwa kupanda vitu. Wengine walipewa akili, yeye alipewa magoti. Alikuwa kibarua kwenye shamba la makonge huku mashariki ya Thika, na mali yake yote ilikuwa mizinga minne ya nyuki juu ya mgunga mmoja. Baba yangu alishamwambia wazi: leta kibuyu cha asali tutengeneze pombe ya wazee, ndipo umchukue Syombua. Syombua ndiye mimi.

Mwaka wa hamsini na saba serikali ikaamua kwamba nguzo za miti ni ushamba. Sasa ni chuma, nyaya nene, na umeme wa nguvu kutoka kwa mabwawa mpaka Ruiru na Nairobi. Wakakata kila mti uliokuwa njiani, na mgunga wa Kisilu ukaanguka, nyuki wakatawanyika. Nililia, siwadanganyi. Nilimtaka huyo mtu.

Kwenye baraza, afisa wa stima, mzungu mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akatutangazia: "Hii nguzo hapana yangu. Hii mali ya nyinyi yote!" Watu wakapiga makofi. Kisilu hakupiga. Alikuwa anaipima nguzo kwa macho.

Kesho yake mizinga ilikuwa inaning'inia kwenye chuma, juu kabisa, maana nyaya zilikuwa bado hazijavutwa. Nyuki wakaja, wakapapenda.

Miezi ikapita. Mafundi walipofika kuvuta nyaya, aiya! Walishuka haraka kuliko walivyopanda, na mmoja akaacha suruali huko juu. Afisa akamwita Kisilu. "Toa hii dudu!" Kisilu akasema niko tayari. Wapi! Sheria ilikataza mtu asiyefundishwa kupanda nguzo. Basi wakamwandika kazi, wakampeleka Ruiru afundishwe kupanda. Kisilu, jamani! Akarudi na mkanda wa ngozi, akapanda vile vile alivyopanda tangu utotoni, akashusha asali ya kujaza kibuyu.

Afisa akanyoosha mkono. Asali imetoka kwa nguzo ya serikali, imetolewa na mfanyakazi wa serikali, kwa hivyo ni ya serikali. Ile nguzo ilikuwa imeacha kuwa yetu.

Kisilu alifika kwetu mikono mitupu, akakaa nje, akaeleza yaliyompata. Baba alimtazama, kisha akaniambia nifunge nguo zangu.

"Aliyechukua asali amechukua msichana," akasema. "Twende."

Tulimkuta afisa ofisini Thika akipaka asali kwenye mkate. Baba akavua kofia kwa heshima. "Mkwe wangu, mke wako ndiye huyu. Hupenda kulala upande wa ukutani."

Nikatua mzigo wangu juu ya meza yake, kwa hasira ya kweli, kwa sababu Kisilu alikuwa amesimama mlangoni, macho yamejaa machozi.

Karani akamtafsiria bwana wake. Afisa akawa mwekundu mpaka masikio. Akatusukumia kibuyu kwa mikono miwili, halafu, kwa woga tu, akasukuma na mkate. Baba akapokea vyote.

Pombe ikanywewa, nikaenda kwa Kisilu. Waya unapita juu ya paa letu kuelekea Ruiru, na sisi tunawasha koroboi ya mafuta ya taa. Yeye bado hupanda nguzo zile kwa kazi ya serikali, na kila akifika juu mimi humpigia kelele kutoka chini: "Nisalimie mume wangu wa kwanza, yule wa ofisini Thika!"