Nani Alipanda Mkonge Huu?

Kiwanja nilichokaribia kununua Mwakitolyo sasa ni shimo la wachimbaji.

Nilikuwa nimeuza ng'ombe wanne, akiba yangu yote, ili nijenge vyumba vya kupangisha. Huko machimboni chumba kilipata mpangaji kabla hakijapigwa lipu. Nilienda kumweleza mama mwenye nyumba niliyopanga Kagongwa, aliyeanza na chumba kimoja na sasa ana kumi na viwili.

"Shikamoo, mama. Nimepata kiwanja Mwakitolyo."

"Marahaba. Na dhahabu ikihama, utampangisha nani? Mbuzi?" Alicheka hadi akafuta machozi. "Jenga penye mpunga, mwanangu. Mpunga hauhami."

Kesho yake alinipeleka kwenye kiwanja pale pale Kagongwa, karibu na mashine za kukoboa mpunga. Alinikataza kuuliza bei. Kwanza tulifuata mkonge uliopandwa mpakani, tukimuuliza kila jirani ni nani aliyeupanda. Majirani watatu walimtaja baba wa muuzaji. Wa nne alikuwa amehamia Ushirombo.

"Nunua," alisema mama, "ila upande wa huyo wa nne usiweke hata tofali mpaka aseme mwenyewe nani alipanda mkonge."

Leo nina vyumba vitano na vyote vina watu. Mama akipita na wageni hunionyesha kwa kidole: "Huyo nimemfundisha mimi." Nami hujifanya sijasikia, huku nikiona fahari.

Chumba cha sita kingekaa upande ule wa nne. Jirani wa Ushirombo bado hajaja.