Kinyundo cha Baba Abate

Mimi ndiye mpishi wa watawa wa Suối Lau, mwaka wa ishirini na moja sasa. Kama kuna mtu amewahi kuonja supu yangu ya maboga akanyamaza, basi ni hao, na wananyamaza kwa sababu Kanuni yao ya utawa inawakataza kuzungumza mezani. Wananiita Saba. Shule niliishia darasa la nne, lakini yale niliyoyaona kupitia kidirisha changu cha kupitishia sahani, maprofesa hawajayaona.

Leo nawasimulia habari za Bruda Nhuận, mpiga kengele.

Huyu alikuwa kigugumizi. Monasteri mbili zilimkataa, maana mtawa asiyeweza kuimba zaburi ni wa nini? Akafika kwetu na kikapu chake, na Abate Trác, mkuu wa monasteri, mkali kuliko siki, akamtazama juu hadi chini akasema, "Kengele haina kigugumizi. Ingia." Tangu hapo miaka thelathini na minne, kengele haijachelewa hata dakika.

Mpaka Jumanne ile, ilipochelewa nusu saa nzima.

Kwetu anayekosa hupiga magoti katikati ya bwalo wakati wa chakula, hadi Abate agonge meza kwa kinyundo chake cha mbao. Akigonga, umesamehewa, unakwenda kula. Hujitetei. Ukiulizwa, unasema "ni kosa langu" basi. Nhuận akapiga magoti, goti la kulia limevimba kama embe bivu. Mimi peke yangu nilijua kwa nini. Asubuhi nilimwona akipandisha mteremko wa shamba la pilipili manga, amemshika mkono Abate Trác, mzee yuko pekupeku, na Nhuận anachechemea kwa kuanguka.

Watu wakala, wakamaliza. Abate akasali, akainuka, akatoka. Hakugonga.

Watawa wakamfuata kwa mstari, macho chini. Niliwaona wakimpita mwenzao kama wanapita nguzo. Kila mmoja alidhani mzee ameongeza adhabu, na nani atamhoji Abate? Mimi nilijua amesahau.

Nilifuta meza, nikaosha masufuria, nikarudi. Bado yupo. Jasho linamdondoka puani.

"Bruda, inuka bwana. Hakuna anayekuona."

"Ha-hajagonga."

"Amesahau!"

"Sh-shusha sauti, Kaka Saba."

Ndipo nikaelewa kinachomtoa jasho. Keshokutwa yake alikuwa anakuja mkaguzi kutoka monasteri mama, na akisikia kwamba Abate wetu anapotea kichwani, atamvua madaraka mbele ya wote. Nhuận alikuwa akilificha jambo hilo tangu masika.

Nami, kwa ujanja wangu maarufu, nikakamata kinyundo nikagonga meza, pa!

"Haya, umesamehewa. Nenda kale."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe umegonga meza tu. A-Abate hajagonga."

"Kichwa kigumu wewe! Na kengele ya saa tisa nani atapiga?"

Hapo uso ukambadilika. Saa ya ukutani ilisema nane na nusu. Asipopiga, Priori, msaidizi wa Abate, atakuja mbio kuuliza, atamwendea mzee mbele ya watu: Baba, adhabu ya Nhuận bado? Na mzee atajibu: adhabu gani? Na Nhuận akiinuka bila kugongewa, atakuwa mwasi, na Jumamosi kwenye kikao cha makosa atalazimika kueleza. Kila mlango una mbwa.

Nikaenda kwenye chumba cha Abate. Mimi!

"Baba Abate, nimevunja bakuli lako."

Akainua macho kutoka kwenye kitabu. "Saba, tangu lini wewe ukakiri kosa?"

"Tangu leo, Baba."

"Lete vipande."

"Ni vingi mno, Baba. Njoo uone mwenyewe."

Akaja, fimbo yake ikigonga sakafu. Mlangoni mwa bwalo akasimama. Alimtazama Nhuận, akatazama kiti chake, akatazama kinyundo. Nikamwona anatafuta kitu ndani ya kichwa chake, na hakipo.

"Bruda, kwa nini uko hapo?"

"Ni kosa langu, Baba. Ke-kengele ilichelewa."

"Ilichelewa kwa nini?"

Nhuận akainamisha kichwa.

"Nakuuliza kwa utii, Nhuận."

Utii ukitajwa, mtawa hana pa kujificha. Machozi yakamtoka. "U-ulikuwa shambani, Baba. Unamtafuta Vàng."

Vàng ni ng'ombe wetu aliyekufa miaka kumi iliyopita.

Saa ilikuwa tisa kasoro dakika tano. Moyoni nasema: gonga, mzee, gonga tu, tuyamalize watatu sisi. Akaenda kwenye kiti chake, akagonga. Nikashusha pumzi. Kumbe bado.

"Nenda kwenye kamba," akasema. "Usipige ya sala. Piga ya kuwaita wote."

Nhuận akatikisa kichwa. Mara ya kwanza kumwona akikataa kitu.

"Nenda."

Walipoingia watawa kumi na tisa, walimkuta Abate Trác amepiga magoti palepale, kwenye alama za jasho la Nhuận. Akasema, "Nilimsahau ndugu yenu kwenye sakafu hii. Ninasahau mengi. Alinifichia siri hiyo kwa mapenzi, nami nikamwadhibu kwa hilo. Ni kosa langu."

Akangoja kugongewa. Lakini nani amgongee Abate? Priori alikitazama kinyundo kama anayetazama nyoka. Dakika zikapita, mzee wa miaka themanini na moja anatetemeka, hakuna anayesogea.

"Nhuận," akasema Abate, "kwa utii. Mara ya mwisho nakuagiza."

Nhuận akachechemea hadi kwenye kiti kikubwa. Akakichukua kinyundo. Akagonga mara moja, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

Mkaguzi alipofika, mzee alimkabidhi funguo za monasteri mwenyewe, hakungoja kuombwa. Siku hizi, kengele ya saa tisa huvutwa na watu wawili: mmoja anachechemea, mwingine huuliza kila siku hii kamba ni ya nini, naye Nhuận humwambia, bila haraka, hadi mwisho wa neno.