Mkubwa na Jaketi la Kuelea

Jumapili iliyopita nilikwenda bwawani, kwenye klabu ya mashua za tanga, nikamkuta jirani yangu wa Makongeni akimzuia bosi wake. Siku za kazi mama huyu ni karani wa reli. Jumapili yeye ndiye msimamizi wa usalama wa klabu, na hakuna mashua inayotoka kabla hajaikagua.

Bosi alikuja kama mgeni, na tayari alikuwa ameketi ndani ya mashua pamoja na nahodha. Jaketi la kuelea alikuwa amelisukuma kando kwa mguu.

"Linanibana. Kwani hujui mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee," mama akajibu, kamba ya mashua ikiwa bado mkononi mwake. "Maji ndiyo hayakujui."

Watu wamefutwa kazi kwa maneno madogo kuliko hayo. Bosi akamkazia macho, kisha akalivaa. Mama akamfunga mikanda mwenyewe. "Ikipinduka, ishikilie. Usiiache."

Katikati ya bwawa upepo ukageuka ghafla, mashua ikapinduka. Mama akarukia boti ya injini, akamkuta mzee anaelea kando ya nahodha, ameikumbatia mashua kwa mikono miwili.

Walipofika ukingoni, mzee akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi sijui kuogelea."

"Basi Jumapili ijayo tutaanzia hapo."

Tangu siku hiyo natangaza Makongeni nzima kwamba yule ni jirani yangu. Nilipompongeza, aliniuliza kama mimi najua kuogelea.